Nani Aliyeshitakiwa Katika Kusadikika?

Katika vitabu vyote alivyotuachia marehemu Shaaban Robert, sikijui kimoja kinachowatenga wasomaji wake katika makundi yasiyopatana kuliko Kusadikika, kitabu chembamba kilichotoka mwaka 1951, chenye kusimulia habari za nchi iliyoko angani, isiyopakana na bahari wala mlima bali na pepo, ambamo mtu mmoja jina lake Karama anasimamishwa mbele ya mfalme na baraza lake zima, kwa mashitaka ya Waziri Majivuno, kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Naye, hali roho yake imo hatarini, hajitetei kwa kulia wala kwa kuomba radhi, bali anawahadithia wale wanaomhukumu habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao nchi ile ile iliwatuma kwenda pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wakarudi kila mmoja na habari ya jambo lenye manufaa, na kila mmoja akalipwa kifungo. Kwamba kitabu hiki ni cha kejeli, hilo halina mzozo. Mzozo ni juu ya nani anayekejeliwa, na kwa ujasiri wa kiasi gani, na kama kejeli inayokwisha kwa mfalme kuridhika na watu kufurahi inastahili kuitwa kejeli.

Rai hizi nimezisikia kwa walimu na kwa wanafunzi, katika mabaraza ya pwani na katika madarasa ya bara, zikisemwa kwa namna mbalimbali na watu wasiojuana, na kwa kuwa kuziorodhesha kungezinyima uhai, nimeziweka katika vinywa vya watu wanne wa kubuni: Maalim, aliyefundisha fasihi mpaka akastaafu, Karani, mstaafu wa ofisi ya wilaya, Wakili, na Binti, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye alikisoma kitabu hiki mara ya kwanza kwa ajili ya mtihani na mara ya pili kwa ajili ya nafsi yake. Mpango wa maneno ni wangu, lakini mawazo ni ya wasomaji, nami nitaingia kati kila nitakapoona haja.

MAALIM: Jamaa zangu, kosa la kwanza la wasomaji wa siku hizi ni kukishika kitabu hiki kama fumbo la polisi, wakitafuta nyuma ya kila jina mtu fulani aliyekuwa na kofia fulani, mpaka wakishampata hufunga kitabu wakaona kazi imekwisha. Shaaban Robert hakuandika barua ya malalamiko. Alitaka kuupima moyo wa mwanadamu, na kwa sababu hiyo akawapa watu wake majina ya sifa zao: Majivuno ni majivuno yenyewe, popote yanapokalia kiti, Karama ni kipawa anachojaliwa mtu kisha akaonewa husuda kwacho, Amini ni uaminifu unaotiwa pingu. Ndivyo alivyofanya katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka mmoja baadaye, na ndivyo alivyofanya katika Kufikirika, alichokiandika kabla ya hiki lakini kisipigwe chapa ila baada ya yeye kufa, ambamo amebuni ufalme mwingine usiokuwa katika ramani yoyote. Mwandishi aliyetaka kumsema Mwingereza peke yake asingelazimika kwenda mpaka angani. Alikwenda angani ili kila mtu aliye chini, Mwarabu na Mwafrika, Mzungu na Mhindi, liwali na raia, atazame juu aione nchi yake mwenyewe.

BINTI: Shikamoo, Maalim, na uniwie radhi, kwa maana nitasema kinyume chako. Kitabu kinachomsema kila mtu hakimsemi mtu yeyote. Mfalme aliyesoma Kusadikika angecheka, akamwambia mwenziwe, “Tazama walivyo wapumbavu wafalme wa angani,” kisha akaendelea na dhuluma yake mchana kutwa. Kejeli hasa humfanya anayesemwa ajikute amesimama uchi katikati ya uwanja, wala hapana aliyesimama uchi katika Kusadikika, kwa sababu hapana aliye na mwili. Hawa si watu, ni majina yanayotembea. Tangu Majivuno anapotajwa tumekwisha kujua atakalosema, na tangu Karama anapotajwa tumekwisha kujua kwamba atashinda. Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1976 aliandika tasnifu nzima juu ya riwaya za Shaaban Robert, alikuwa amekwisha kutuonyesha njia nyingine katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambamo mtu hutenda dhambi akajuta, akarudia, nasi tusijue tumpende au tumlaumu. Na kuna jambo la pili, ambalo wazee wetu hawapendi litajwe. Mwandishi huyu ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi mrefu kupita kiasi, akivisifu vita vya Waingereza na wenzao dhidi ya Wajerumani, na ndiye aliyepewa nishani na dola hiyo hiyo ya Kiingereza. Mnaniambia kwamba alikuwa mpinzani wao kwa siri. Mbona siri yenyewe ilifichika hata kwao?

Binti amesema kwa ukali, nami sitaki kuupunguza, kwa kuwa hoja yake ya nishani hukwepwa mara nyingi na wale wanaompenda mwandishi huyu, kana kwamba kuitaja ni kumvunjia heshima. Nishani aliipata, na utenzi aliutunga. Lakini tumsikilize Karani, ambaye anajua jambo moja ambalo vitabu vya uhakiki havilijui vizuri, yaani namna mtu anavyoandika akiwa chini ya mkubwa.

KARANI: Mjukuu wangu, wewe umezaliwa katika zama ambazo mtu akiudhika huandika maudhi yake kabla chai haijapoa, wala sikulaumu. Sisi tulifunzwa na waliotutangulia ofisini kwamba barua kwa mkubwa huanza kwa taadhima na kumalizika kwa “mimi mtumishi wako mtiifu,” na kwamba baina ya taadhima ile ya mwanzo na utiifu ule wa mwisho ndimo mtu anamotia alilo nalo. Marehemu Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 1926: alianza katika forodha, akapita Pangani na Bagamoyo, akahamishiwa Mpwapwa katika Idara ya Wanyama, akarudi kwao Tanga katika ofisi ya serikali, akamalizia katika Idara ya Upimaji. Mwaka kilipotoka kitabu hiki alikuwa angali katika utumishi huo, ana watoto wa kulisha na mshahara ambao mkubwa mmoja angeweza kuukata kwa mstari mmoja wa wino. Miaka miwili baadaye, mwaka 1953, serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Basi ukitaka kujua hali ya hewa ilikuwaje, itazame amri hiyo. Na kitabu chenyewe kilipigwa chapa Uingereza, na Waingereza wenyewe, kikarudi kwetu katika meli zao, kikauzwa katika maduka yao na kusomwa katika shule zao. Wewe unauliza mbona siri ilifichika hata kwao. Mimi nakujibu kwamba isingefichika kwao, isingetufikia sisi. Ama nishani, mjukuu wangu, mtu hupewa na anayempa kwa hesabu za anayempa.

BINTI: Babu, nimekuelewa, lakini hiyo ni sifa ya werevu wake, si sifa ya kitabu chake. Mtu anaweza kupitisha bidhaa mbele ya forodha bila kukamatwa, na bidhaa ikawa hafifu vile vile.

WAKILI: Ruhusuni niseme mimi, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni ya biashara yangu. Nashangaa kwamba tumekwisha kunena mengi juu ya majina na nishani, na hakuna aliyetaja kosa. Karama alishitakiwa kwa nini? Si kwa wizi wala kwa uchochezi. Alishitakiwa kwa kutaka watu wajue sheria, ili mtu aliyeonewa apate mwenye kumsemea. Wasomaji wengi hulipita shitaka hili kama kisingizio cha hadithi, mfano wa elimu yoyote ambayo wenye nguvu huiogopa. Lakini ulizeni Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa na mahakama za namna gani. Tangu siku za Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925 na utaratibu wake wa kuwatawala watu kupitia wakubwa wao wenyewe, mwenyeji wa kawaida alikuwa akipelekwa mbele ya mahakama za wenyeji, ambamo aliyekaa kumhukumu mara nyingi alikuwa chifu au mkubwa yule yule aliyemtoza kodi asubuhi na kumtoa kazini jioni. Na katika mahakama hizo wakili alikatazwa kisheria kusimama kumtetea mtu. Hilo si fumbo, wala si la angani. Mwandishi amechukua kanuni iliyokuwa ikitumika chini ya miguu yake, akaipandisha mawinguni bila ya kuibadilisha sana, akaiacha ionekane jinsi ilivyo ya ajabu. Kwa hiyo swali hili la siku zote, kwamba mfalme wa Kusadikika ni Mwingereza au ni mkubwa wa Kiafrika, mimi naliona kuwa linatenganisha vitu viwili ambavyo zama zile zilikuwa zimevishona pamoja. Mwingereza alitawala kwa mkono wa chifu, na chifu alihukumu kwa muhuri wa Mwingereza, na mshitakiwa alisimama baina yao peke yake.

MAALIM: Hapo umenipa faida, Bwana Wakili, ambayo sikuwa nayo. Lakini tahadhari usije ukakifanya kitabu kuwa kifungu cha sheria.

WAKILI: Sikifanyi hivyo, Maalim. Nasema tu kwamba maadili unayoyapenda hayakutoka hewani. Na niongeze jambo moja. Mwaka ule ule 1951, mwezi wa Novemba, Wameru walifukuzwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata wakamtuma mtu wao, Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, mpaka Umoja wa Mataifa New York, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya umoja huo. Wakasikilizwa kwa heshima kubwa, na baraza lile kubwa la dunia lisiwarudishie ardhi yao. Sidai kwamba Shaaban Robert aliyatabiri haya. Kitabu hakingeweza kuyajua. Nadai kwamba msomaji wa wakati ule, akikishika kitabu hiki mkononi, hakuhitaji kufundishwa na mwalimu maana ya mjumbe anayetumwa mbali kutafuta haki, wala maana ya kumpata mwanasheria wa kufuatana naye.

Natamani maneno haya ya Wakili yasomwe katika kila shule ambamo kitabu hiki kinafundishwa, kwa kuwa nimeona vijana wakikariri kwamba Kusadikika inahusu haki na batili, ukweli na uongo, bila ya kuambiwa hata siku moja kwamba mahakama zenye kuwakatalia watu mawakili zilikuwapo katika wilaya zao wenyewe, na kwamba hata baada ya uhuru Mahakama za Mwanzo za Tanzania ziliendelea kwa miaka mingi kuwafungia mawakili mlango. Na katika upande wa pili wa habari hiyo kuna jambo jema la kukumbukwa: Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, kitivo cha kwanza kuanzishwa, kabla ya utabibu na kabla ya kilimo, kilikuwa kitivo cha sheria. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Karama aliposhitakiwa kwa kosa hilo hilo, na mwandishi wake, aliyefariki mwezi wa Juni 1962, alikuwa bado yu hai.

Lakini Binti alisema kwamba bidhaa ni hafifu, na hilo halijajibiwa na Karani wala na Wakili. Historia yaweza kueleza kwa nini kitabu kiliandikwa hivyo, wala isiweze kukifanya kitabu kizuri. Hapa niingie mwenyewe.

Wanaomlaumu Shaaban Robert kwa kuandika watu wasiokuwa na mwili humpima kwa kipimo cha riwaya za baadaye, ambazo huingia ndani ya chumba cha mtu na ndani ya kifua chake, na kwa kipimo hicho lawama yao ni sahihi kabisa. Lakini yeye alikuwa anajenga kwa mbao nyingine. Wahakiki wamekwisha kumtaja Swift, mtungaji wa safari za Gulliver, ambaye mwaka 1726 alikituma kisiwa cha Laputa kielee hewani juu ya raia zake, na ni kweli kwamba safari hizo zilikuwa zimekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili kabla ya vita vya pili. Mimi naona deni kubwa zaidi liko upande wa mashariki, katika Alfu Lela u Lela, kitabu ambacho wasomaji wa pwani walikipata kwa Kiswahili tangu zamani, na ambacho Shaaban Robert alikijua vema, maana Adili na Nduguze imechota humo. Tukumbuke jinsi kile kitabu kilivyopangwa: mtu ambaye amekwisha kuandaliwa kifo anasimama mbele ya mfalme, na hana silaha ila hadithi, naye anasimulia, na kila hadithi inaahirisha upanga, mpaka anayesikiliza, bila ya kuambiwa kwamba anafundishwa, amegeuka kuwa mtu mwingine. Ndivyo anavyofanya Karama. Hizo safari sita ambazo mwanafunzi mchovu huziona kuwa marudio, moja baada ya nyingine, mjumbe anakwenda, mjumbe anarudi, mjumbe anafungwa, ndizo pumzi za mtu anayehesabiwa siku zake, na marudio yenyewe ndiyo yanayofanya kazi. Mjumbe wa kwanza akifungwa, msikilizaji husema ni bahati mbaya. Wa pili akifungwa, husema labda alikosea. Afikapo wa nne na wa tano, hapana tena udhuru unaobaki, na yule anayesikiliza, ambaye ni mfalme na baraza lake, na ambaye ni sisi pia, hulazimika kukiri kwamba hii ndiyo kawaida ya nchi.

Hapo ndipo ninapowaachia mkono wale wote wanaouliza mfalme ni nani. Kwa maoni yangu kejeli ya Kusadikika haimlengi mfalme kwanza, wala hata Majivuno, ambaye ubaya wake umeandikwa katika jina lake na hautishi mtu mzima. Inalilenga baraza. Wajumbe wale hawakutoroka, walitumwa. Walikwenda kwa idhini, kwa ajili ya nchi, wengine wakaagwa kwa matumaini, na waliporudi na kile kile walichotumwa kukitafuta, wakahukumiwa na watu wale wale waliowatuma, wala haikuinuka katika halaiki ile ya wenye busara na vilemba sauti iliyowaokoa. Mara sita! Mtawala mmoja mwenye kiburi aweza kumfunga mtu mmoja kwa hasira ya siku moja. Lakini kuwafunga sita, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kwa vikao, kwa mashitaka yaliyosomwa na kusikilizwa, hiyo ni kazi ya watu wengi wenye kutikisa vichwa. Na nadhani ndiyo sababu mzozo wetu juu ya Mwingereza na chifu umekuwa mtamu na mrefu kiasi hiki, kwa maana maadamu tunamtafuta mfalme, hakuna anayetutafuta sisi tuliokuwa tumekaa barazani.

MAALIM: Hilo nalikubali, na nalikubali kwa moyo mzito, kwa kuwa nimekaa katika mabaraza mengi.

KARANI: Mimi nami nimeandika mukhtasari wa vikao vingi. Neno tulilokuwa tukilitumia ni “wajumbe waliafiki.” Kuna mambo ambayo kalamu yangu iliyaandika kuwa yaliafikiwa, na najua hakuna aliyeyapenda, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

BINTI: Basi na mimi nimesogea hatua moja, lakini msifurahi mapema. Nakubali kwamba marudio yana kazi, na nakubali kwamba kejeli ya baraza ni kali kuliko kejeli ya mfalme. Sasa nielezeni mwisho. Karama anamaliza hadithi zake; mfalme anasadiki; Karama anaachiliwa; wajumbe sita wanafunguliwa; watu wanashangilia. Mfalme ambaye vifungo vile vilitoka katika utawala wake anabaki mfalme, na sasa anasifiwa kwa insafu yake. Lile baraza, ambalo mwaliita mshitakiwa wa kweli, linaulizwa swali gani? Linatoa fidia gani? Nani anawarudishia wale sita miaka yao? Ikiwa wao ndio walengwa, basi mshale umewafikia ukageuka kuwa ua. Na kuna jambo jingine. Mjumbe hata mmoja kati ya wale sita si mwanamke. Anayeshitaki ni mwanamume, anayejitetea ni mwanamume, anayeamua ni mwanamume. Nchi iliyoko angani, ambayo mwandishi aliweza kuibuni vyovyote alivyotaka, yenye pepo kwa mipaka, ameijaza wanaume.

WAKILI: Juu ya mwisho, dada yangu, nataka tutofautishe mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya. Karama hakusamehewa. Msamaha ni hiari ya mfalme, akitaka hutoa na akitaka hunyima, na anayesamehewa hubaki mkosa. Karama alishinda kesi. Alileta ushahidi, akaupanga, akaonyesha kwamba desturi ya nchi ile ilikuwa inawadhuru wenyewe, na hukumu ikatoka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kile alichoshitakiwa kwa kukifundisha ndicho alichokitumia kujiokoa mbele ya macho ya wote, na baraza zima limekwisha kuhudhuria somo lile lile lililotaka kulizuia. Hilo si jambo dogo.

BINTI: Si dogo kwa Karama. Lakini wale sita hawakupewa kesi ya namna hiyo. Wao walifunguliwa kwa fadhila ya hadithi ya mwenzao. Angekosa ufasaha, wangeozea ndani.

Hoja hii, nilipoisikia mara ya kwanza ikisemwa na msomaji kijana, ilinigusa, nami sijapata kuisikia ikijibiwa vya kutosha. Maalim hujibu kwamba hadithi za zamani zina adabu yake, na kwamba msikilizaji wa pwani hataki kupelekwa kulala na watu walio gerezani. Karani hujibu kwamba mtumishi wa serikali mwaka 1951 asingeweza kuandika mfalme anayeng'olewa. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanaeleza sababu bila ya kuuponya upungufu. Naona kwamba Shaaban Robert aliamini kwa dhati, wala si kwa hofu peke yake, kwamba mtawala aweza kuongoka kwa kuambiwa ukweli kwa lugha nzuri. Imani hiyo imo katika mashairi yake na katika insha zake, na ndiyo iliyomfanya ajitahidi kuandika namna alivyoandika. Msomaji aliyeyaona yaliyowapata wasema kweli katika nchi nyingi za Afrika baada ya uhuru ana haki ya kuiona imani hiyo kuwa haikutimia. Mimi sioni aibu kumpenda mwandishi na kusema kwamba mwisho wa kitabu chake unakwenda mbio kuliko uzito wa yaliyotangulia, na kwamba kurasa chache alizowapa wafungwa wanapotoka ni deni ambalo hakulilipa.

Ama juu ya wanawake, Maalim alitaka kumtetea kwa kukumbusha kwamba ndiye aliyemwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara akaifanya sauti yake isikike mbali, kitabu kilichotoka mwaka 1958 na ambacho mpaka leo nakihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Ni kweli. Na Binti alimjibu kwa upole kwamba ndiyo maana anauliza, kwa kuwa mtu aliyeweza kumwona Siti asingeshindwa kumwona mjumbe wa saba. Sikumpata Maalim na jibu, nami sinalo.

KARANI: Binti, niulize jambo. Ukiwa mwalimu, na Mungu akujalie, utawafundisha kitabu hiki au utakiweka kando?

BINTI: Nitawafundisha, babu. Lakini sitawauliza Kusadikika ni nchi gani, kama nilivyoulizwa mimi. Nitawaambia wachague safari moja kati ya zile sita, wafikiri kwamba walikuwa barazani siku mjumbe aliporudi, waandike alichosema kila mmoja wao aliyekuwapo. Kisha wale watakaomaliza mapema nitawapa kazi ya pili, waandike hotuba ya mjumbe mmoja siku anapofunguliwa, akiwa amesimama mbele ya mfalme yule yule.

MAALIM: Hiyo ya pili mwandishi hakuiandika.

BINTI: Ndiyo, Maalim. Ndiyo maana wataiandika wao.